Je, Wajua? Mgongo Kombo Nao Hushinda Mbio

Je, wajua kuwa mtu aliyekimbia mita 100 kwa kasi kuliko binadamu yeyote ana mgongo uliopinda? Usain Bolt wa Jamaika ana skoliosisi: uti wake wa mgongo haushuki wima, unakwenda kombo ubavuni. Mwaka 2009 mjini Berlin alitumia sekunde 9.58 kwa mita 100, na siku nne baadaye sekunde 19.19 kwa mita 200. Rekodi zote mbili zingali zake.

Haikuwa mteremko. Ujanani misuli ya nyuma ya paja ilimsumbua mara kwa mara, na kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004 aliaga mashindano raundi ya kwanza. Amekwisha kusema hadharani kwamba kadiri alivyokua ndivyo uti ulivyozidi kupinda, na kwamba kinga yake ni kuifanya misuli ya tumbo na mgongo iwe imara. Watafiti wa Southern Methodist University mjini Dallas walizichambua hatua zake, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba hazilingani. Mguu wa kulia hugonga chini kwa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 13, na wa kushoto hukaa chini muda mrefu zaidi kwa takriban asilimia 14. Ungedhani wangeshauri asawazishwe. Wapi! Hawakuthubutu kusema kwamba kumsawazisha kungemwongezea kasi.

Je, wajua daktari huanzia wapi kuhesabu? Nyuzi 10. Mpindo usiofika hapo kwenye picha ya eksirei hauitwi skoliosisi, na watu wengi wanao pasipo kujua. Kipimo hicho huitwa pembe ya Cobb, kwa jina la John Robert Cobb, daktari wa mifupa wa Marekani aliyekieleza mwaka 1948. Kati ya vijana 100, wawili au watatu hufikia au kuvuka nyuzi 10. Mipindo midogo haichagui sana jinsia, ila ile mikubwa huwapata zaidi wasichana, na kwa tofauti kubwa.

Na uti haupindi tu, hujisokota pia. Ndiyo maana upande mmoja wa mbavu hutokeza nyuma, bega moja huwa juu kuliko jingine, na sketi ya shule hukaa upande hata ikivutwa mara ngapi.

Je, wajua kwamba mkoba wa shule hauna hatia? Katika kila wagonjwa 10 wa skoliosisi, takriban 8 chanzo chake hakijulikani, ingawa urithi wa ukoo una mkono wake. Kukaa vibaya darasani, kulala ubavu mmoja, kubeba dumu la maji kwa mkono uleule kila siku: vyote vimesingiziwa. Mkoba mzito waweza kuuchosha mgongo na kuuumiza, lakini haupindi uti. Kwa hiyo kumgombeza binti kutwa nzima kwamba akae wima hakumnyooshi, kunamnyima raha tu.

Je, wajua kuhusu Lamar Gant? Mmarekani huyu alikuwa na mpindo mkubwa wa mgongo unaoonekana kwa macho hata akiwa amevaa. Mwaka 1985 aliinua chuma cha takriban kilo 300 kutoka sakafuni, naye mwenyewe akiwa na uzito wa takriban kilo 60. Alikuwa mtu wa kwanza kuinua mara tano ya uzito wake kwa mtindo huo. Wajuzi wa mchezo husema mpindo ulimfupisha kiwiliwili, mikono ikawa kama mirefu, chuma kikapata safari fupi. Sisemi ukajaribu nyumbani.

Stacy Lewis, mchezaji wa gofu wa Marekani, aligunduliwa akiwa na miaka 11. Alivaa koti gumu la plastiki la kuushikilia uti saa 18 kwa siku, kwa miaka saba na nusu, akilivua ili acheze gofu. Halikutosha. Akapasuliwa, akawekwa chuma na skurubu tano. Mwaka 2013 alikuwa namba moja wa dunia kwa wanawake, na mwaka huohuo akashinda British Open ya wanawake kwenye uwanja wa St Andrews, unaoheshimiwa na wacheza gofu kuliko wowote.

Je, wajua mfalme aliyefukuliwa chini ya maegesho ya magari? Mwaka 2012 wachimbaji wa mambo ya kale mjini Leicester, Uingereza, walikuta mifupa ya Richard III, aliyeuawa vitani Bosworth mwaka 1485 akiwa na miaka 32. Kwa karne nyingi watu walibishana kama kweli alikuwa na mgongo mbovu au ni fitina za maadui. Mifupa ilikata shauri: alikuwa na skoliosisi ya kati ya nyuzi 65 na 85, iliyomwanza katika umri wa kubalehe. Leo mpindo kama huo ungempeleka moja kwa moja kwa daktari wa upasuaji.

Lakini alipigana akiwa juu ya farasi, mwenye deraya ya chuma mwilini! Mwaka 2014 kijana mmoja wa Kiingereza mwenye mpindo unaokaribia sana ule wa mfalme alifundishwa kupanda farasi na kupigana ndani ya deraya iliyofuliwa kwa umbo lake, na kipindi cha televisheni kikaonyesha jaribio hilo. Aliweza. Tandiko refu la kale lilimshika kiuno vizuri kuliko la kisasa. Pumzi ndiyo iliyomwishia mapema, na hilo halishangazi, maana mpindo mkubwa wa kifua huyabana mapafu.

Pumzi hiyohiyo ndiyo aliyoigeuza dawa mwanamke mmoja wa Ujerumani. Katharina Schroth alizaliwa Dresden mwaka 1894, akavalishwa koti la chuma kwa sababu ya skoliosisi, akalichukia. Akaanza kujichunguza mbele ya kioo. Aliona kwamba upande uliobonyea ukijazwa hewa kwa makusudi hutokeza kidogo, kama mpira uliobonyea unavyorudi ukipulizwa. Mwaka 1921 alifungua kituo kidogo Meissen, wagonjwa wakifanya mazoezi bustanini. Hakuwa daktari, na madaktari wengi wa wakati ule hawakumtazama kwa jicho zuri. Baadaye yeye na binti yake Christa, aliyesomea fiziotherapia, walihamia Sobernheim upande wa magharibi, na njia yao ikaenea dunia nzima. Leo mtaalamu akikwambia ujinyooshe kwanza, ujizungushe kinyume cha msokoto, kisha uvutie pumzi kwenye upande uliobonyea, anafuata nyayo za mwanamke aliyeasi koti lake.

Je, inanyoosha kweli? Hapa ndipo matangazo ya mitandaoni yanapodanganya, kwa hiyo tukae kidogo. Utafiti wa Edmonton, Kanada, uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata vijana 50 kwa miezi sita. Waliofanya mazoezi ya Schroth pamoja na matibabu ya kawaida walimaliza na mpindo mdogo kuliko wa wenzao kwa tofauti ya nyuzi 3.5. Si haba, lakini kumbuka kwamba daktari yuleyule akiipima eksirei ileile mara mbili anaweza kukosea hadi nyuzi 5. Faida ya mazoezi iliyo wazi zaidi ni nguvu ya misuli, pumzi, maumivu kupungua, na mtoto kuupenda mwili wake. Mtu anayeahidi kuufuta mpindo wa nyuzi 40 kwa wiki sita anataka pesa yako.

Kinachozuia mpindo usiongezeke wakati mtoto angali anakua ni lile koti gumu la kuushikilia uti. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulisimamishwa mapema mwaka 2013 kwa sababu jibu lilishajitokeza: kati ya waliovaa, asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50, kati ya waliotazamwa tu, asilimia 48. Waliovaa karibu saa 13 au zaidi kwa siku walifanikiwa kwa asilimia 90 na ushee. Koti halimfungi mtoto nje ya uwanja, kwani wataalamu wengi humruhusu kulivua kwa saa ya michezo.

Je, wajua kuogelea si dawa ya mgongo uliopinda? Vizazi vya madaktari vimewaambia wazazi wakimbilie bwawani. Watafiti wa Italia walipowalinganisha waogeleaji wa mashindano na wanafunzi wa kawaida, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, waogeleaji ndio waliokuwa na migongo isiyolingana zaidi, na wasichana wao waliumwa kiuno zaidi. Ogelea kwa sababu unapenda maji. Watoto wa Pwani hawahitaji sababu nyingine.

Na wanasarakasi wa kucheza na riboni? Huko Bulgaria mwaka 2000 iligundulika kwamba skoliosisi kwa wasichana hao ni takriban mara kumi ya wenzao. Huenda viungo vilivyolegea ndivyo vinavyowapeleka kwenye mchezo huo, si mchezo unaowapinda.

Twiga ana pingili saba shingoni. Wewe pia.

Je, wajua wanaanga hurefuka? Kule ambako mwili hauna uzito, uti hunyooka na mtu huongezeka urefu hadi asilimia 3, na wengi wao hulalamika kuumwa mgongo. Uti uliolegezwa mzigo kabisa haufurahi kama tunavyodhani.

Hata wewe uko mrefu zaidi asubuhi, kwa sentimita moja au mbili. Kati ya pingili kuna diski 23 zinazofyonza maji usiku na kuyakamua mchana. Mtu mzima diski zake hazina mishipa ya damu ndani. Chakula chake huingia kwa kupenya polepole kutoka pembeni, na kubanwa na kuachiwa kwa mwendo husaidia. Ndiyo maana saa nane za kiti kimoja huudhi mgongo kuliko saa nane za kuhangaika huku na huku.

Na kwa sababu diski zimejaa maji alfajiri, kuinama sana wakati huo huzibana vibaya. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwafundisha watu wenye maumivu sugu ya kiuno wajizuie kuinama saa za mwanzo baada ya kuamka, na maumivu yakapungua. Sasa fikiria ni nani anayefagia uwanja kwetu, saa ngapi, na kwa ufagio wa urefu gani. Mpini mrefu ni bei ya soda mbili tatu. Au uwanja usubiri mpaka chai inywewe. Sioni majani makavu yatapungukiwa na nini.

Je, wajua ni wangapi wanaoumwa kiuno? Mwaka 2020 walikadiriwa kuwa watu milioni 619 duniani, na ifikapo 2050 wanakadiriwa kufika milioni 843. Hakuna tatizo jingine la afya linalowazuia watu wengi zaidi kufanya shughuli zao. Na kwa takriban 9 kati ya 10, hakuna mfupa wala diski moja unayoweza kuinyooshea kidole.

Lala kitandani wiki nzima, mgongo utapona. Nani hajaambiwa hivyo? Mwaka 1995 wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki, Finland, walioshikwa na maumivu ya ghafla waligawanywa makundi matatu: wa kulala siku mbili, wa mazoezi maalumu, na wa kuendelea na shughuli zao kadiri maumivu yalivyoruhusu. Waliopona haraka ni hao wa mwisho, na waliochelewa zaidi ni waliolala. Zingatia kwamba hata mazoezi maalumu hayakushinda katika siku zile za moto. Pika, tembea hadi dukani, ongea na majirani. Mazoezi yana zamu yake baadaye.

Zamu hiyo ikifika, kutembea kunawatosha wengi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 uliwachukua watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Nusu yao walipewa mpango wa kutembea, wakipanda polepole hadi dakika 30 mara tano kwa wiki, pamoja na ushauri wa mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa wastani wa kati, wao walikaa siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Wenzao, siku 112. Viatu ulivyonavyo vinatosha.

Ukitaka kuongeza, Stuart McGill wa University of Waterloo, Kanada, aliyetumia maisha yake kupima mizigo ya uti maabarani, anajulikana kwa mazoezi matatu. La kwanza, lala chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya kiuno, inua kichwa na mabega kidogo tu. La pili, egemea kiwiko na ubavu, uinue nyonga. La tatu, piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Shikilia kwa sekunde 10 hivi, pumzika, rudia. Mwenye skoliosisi atagundua upande mmoja ni dhaifu kuliko mwingine, na hilo ni la kawaida. Misuli kuuma kesho yake si shida. Maumivu yakishuka mguuni kama umeme, acha na utafute mtaalamu.

Je, wajua Shirika la Afya Duniani limesema nini? Desemba 2023 lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Elimu na mazoezi yamo. Mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa kali za jamii ya afyuni havikupendekezwa. Mikanda hiyo inauzwa kila kona ya mji, na wauzaji hawajausoma mwongozo.

Usitishwe pia na majibu ya picha ya MRI. Mwaka 2015 zilijumlishwa tafiti za watu wasioumwa chochote: diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni mvi za ndani.

Je, wajua Wahadzabe hukaa muda mrefu kama karani wa ofisini? Jamii hii ya wawindaji kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, hupumzika takriban saa 10 kwa siku, kama walivyopima watafiti waliochapisha matokeo mwaka 2020. Tofauti ni namna ya kukaa: huchuchumaa na kupiga magoti, saa mbili hivi za siku wakiwa wamechuchumaa, na misuli ya miguu hubaki kazini. Wengi wetu tukichuchumaa dakika tano tunatafuta ukuta.

Wanawake wa Kenya nao waliwashangaza wanasayansi. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy na wenzake walionyesha kwamba Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa mshipi wa kipaji walichukua hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada ya mwili. Ni ustadi wa miaka mingi tangu utotoni. Hautupi ruhusa ya kumwongezea mama kuni, maana mizigo yao mara nyingi huzidi hiyo asilimia 20, na shingo hailipwi.

Je, wajua mwisho wa wasiotibiwa? Huko Iowa, Marekani, wagonjwa 117 wa skoliosisi ya ujanani ambao hawakutibiwa walifuatiliwa takriban miaka 50, matokeo yakatoka mwaka 2003. Maumivu sugu ya mgongo yaliwapata asilimia 61, dhidi ya 35 ya wasio na mpindo, lakini kwa wengi yalikuwa madogo au ya wastani. Walifanya kazi, wakaoa na kuolewa, wakalea. Ila mpindo uliozidi nyuzi 50 huendelea kuongezeka hata baada ya kukua, mara nyingi nyuzi 1 kwa mwaka, na ndiyo sababu ya upasuaji.

Barani Afrika jina kubwa katika upasuaji huo ni Oheneba Boachie-Adjei, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi New York kisha akajenga hospitali Accra, ambako hupokelewa migongo iliyopinda zaidi ya nyuzi 100. Baada ya kuunganishwa pingili, wengi hutembea ndani ya siku chache, na baada ya miezi kadhaa daktari huwaruhusu kukimbia na kucheza. Michezo ya kugongana husubiri zaidi.

Yapo maumivu ambayo hayangojewi kwa matembezi. Mkojo au haja kubwa ikikutoka bila kujua, au sehemu ya kukalia ikifa ganzi, au miguu ikilegea, ni hospitali usiku huohuo. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito huku mgongo ukiuma mahali pamoja huweza kuashiria kifua kikuu cha uti, alichokieleza Percivall Pott wa London mwaka 1779 na ambacho kingalipo kwetu. Hicho huweza kuleta kibiongo. Dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali Tanzania na Kenya. Wanaokunywa maziwa mabichi wapimwe pia bruselosisi, maana nayo huweza kuushambulia uti.

Na kipimo cha bei rahisi kuliko vyote kipo tangu 1865, alipokieleza William Adams, daktari wa Kiingereza. Mtoto asimame mgongo wazi, miguu pamoja, magoti yamenyooka, viganja vimekutana, kisha ainame mbele taratibu. Simama nyuma yake utazame kama upande mmoja wa mbavu au kiuno umeinuka kuliko mwingine. Wasichana wapimwe wakiwa na miaka 10 na tena 12, wavulana 13 au 14. Ukiona tofauti, mpeleke hospitali akapigwe eksirei, na usimtoe kwenye timu ya netiboli wakati mnasubiri majibu.